Mkopo Mdogo Humfikia Hata Asiyekopa

Mama lishe akikopa shilingi 300,000 kwenye kikoba chake, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, huongeza sufuria na gunia la mchele. Kazi ikimzidi, humwajiri binti wa kuosha vyombo na kijana wa kuchota maji. Hao wawili hawajakopa hata senti, lakini jioni wanarudi kwao na ujira. Tunapopima faida ya huduma ndogo za fedha kwa uchumi, tunamhesabu mkopaji na kuwasahau vibarua wake.

India ililiona hili kwa uchungu. Oktoba 2010, serikali ya jimbo la Andhra Pradesh iliwabana wakopeshaji wa mikopo midogo kufuatia vilio vya madeni na vifo vya wakopaji waliojiua. Marejesho yakasimama. Wakopeshaji walioishiwa fedha wakapunguza mikopo hata katika majimbo mengine yasiyokuwa na mgogoro. Wachumi Emily Breza na Cynthia Kinnan walipochunguza, walikuta kwamba ujira wa vibarua ulishuka katika wilaya zilizowategemea zaidi wakopeshaji hao.

Kwa hiyo mkopo ukikauka, mtaa mzima huumia. Ila mkopo mbaya nao huukausha mtaa. Tuseme mama lishe wetu amekopa zile 300,000 kwa mtu binafsi kwa miezi mitatu, riba asilimia 10 kwa mwezi, ikipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo. Kila mwezi atalipa 130,000: deni 100,000, riba 30,000. Mwezi wa tatu anadaiwa 100,000 tu, lakini riba ni ileile 30,000. Hapo analipa asilimia 30 ya deni lililobaki! Si ajabu mikopo hii ikaitwa kausha damu. Wa kwanza kupunguzwa kazini atakuwa yule binti wa vyombo.

Kikoba nacho hutoza riba, lakini riba yake huwarudia wanachama siku ya mgao. Daftari lake likitunzwa vizuri, huwa ushahidi wa uaminifu kwa mtu asiye na hati ya nyumba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ya Tanzania imevitambua vikundi hivi katika daraja la nne, linalofuata lile la vyama vya akiba na mikopo (SACCOS). Visajiliwe, vikue.

Nawe kabla hujatia saini popote, uliza: riba inapigwa juu ya deni lililobaki, au la mwanzo?