Mashine ya kupulizia mikorosho mtandaoni: iwashe kwanza, ndio ulipe

Ndugu mkulima, kila msimu wa kupulizia ukikaribia, hapa Ruponda naulizwa kuhusu mashine zinazotangazwa Facebook kwa bei ya kutupa. Bei siyo tatizo. Tatizo ni kumtumia hela ya korosho mtu usiyemjua: akishaitoa kwa wakala, kuirudisha ni kazi kweli kweli.

Fanya hivi:

1. Kutana na muuzaji dukani au stendi, mchana. Kama yupo Dar au Mtwara, mtume ndugu yako akaiwashe kwanza, ndio ulipe.
2. Kabla hujathibitisha muamala, soma jina linalotokea kwenye simu. Ukilipa kwa Lipa Namba, litokee jina la duka. Dai risiti.
3. Akisema "tanguliza nusu na nauli ya mzigo, kuna mteja mwingine", achana naye.
4. Salfa na viuatilifu usinunue kwa picha. Ulizia AMCOS yako au duka lililosajiliwa na TPHPA.

Umeshatapeliwa? Pigia mtandao wako saa hiyohiyo wazuie hela, katoe taarifa polisi, na meseji ya tapeli itume kwenda 15040. Usione aibu, ukichelewa, hela imeondoka.