Kwa Nini Mashimo Meusi Mengine Yamelala?

Ndugu wanafunzi, mmoja wenu aliniuliza darasani: "Ustadhi, lile shimo jeusi la angani halitatumeza?" Wenzake wakacheka, lakini swali lilikuwa la maana.

Katikati ya galaksi yetu kweli lipo shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 4. Hata hivyo liko mbali, kiasi cha miaka ya nuru 26,000, nalo limetulia kwa kukosa chakula. Shimo jeusi halitoki kwenda kuwinda. Hula gesi inayoporomokea kwake kutoka katika galaksi linamokaa.

Mwaka 964, kule Isfahan, mwanachuoni Abdul-Rahman al-Sufi aliandika habari za wingu dogo aliloliona angani. Leo tunaliita galaksi ya Andromeda. Shimo lake lina uzito wa majua zaidi ya milioni 100, na bado limelala, maana gesi ya karibu nalo ni haba. Galaksi ya Centaurus A ina shimo dogo zaidi, majua milioni 55 hivi, lakini linarusha mikondo ya chembe zenye kasi kubwa hadi nje kabisa ya galaksi. Sababu ni kwamba galaksi hiyo iliimeza jirani yake yenye gesi nyingi.

Tena mikondo hiyo huipasha moto gesi ya pembeni, isipoe na kuanguka. Shimo likishiba sana hujifungia mlango wa jikoni!

"Na letu litakula lini?" akauliza tena. Labda galaksi yetu ikigongana na Andromeda, baada ya mabilioni ya miaka.