Protini Haitulii

Katika kitabu chetu cha Biolojia mna picha ya protini: kamba iliyojisokota, imetulia kama kisiki. Picha hiyo yadanganya kidogo. Protini hutetemeka mchana na usiku, na hapa nitaeleza jinsi wataalamu wanavyoichungulia.

Tuchukue lisozaimu, protini iliyomo katika ute wa yai la kuku. Aina yake imo pia katika machozi yetu. Kazi yake ni kukata ukuta wa bakteria. Ina sehemu mbili kubwa, na katikati mna ufa, mfano wa mdomo. Ukuta wa bakteria huingia humo ukakatwa.

Sasa, ngoma ya msondo hulia kwa sauti nzito kwa kuwa ngozi yake kubwa hutetemeka polepole. Chapuo hulia kwa sauti nyembamba. Ndivyo ilivyo ndani ya protini. Atomu mbili tu, kaboni na oksijeni, hutetemeka kama mara trilioni 50 kwa sekunde. Lakini mdomo mzima wa lisozaimu, wenye mamia ya atomu, hutetemeka mara trilioni 1 au pungufu. (Msicheke nikiita hiyo polepole!) Mitetemo trilioni 1 kwa sekunde huitwa terahezi 1.

Njia ya kwanza ya kuipima ilitoka Bara Hindi. Mwaka 1928, mjini Calcutta, C. V. Raman na mwenzake K. S. Krishnan waliona kwamba nuru ya rangi moja ikipita katika kitu, sehemu yake ndogo sana hutoka imebadilika rangi, maana imeiachia molekuli nguvu kidogo au imechukua kwake. Raman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Siku hizi hutumiwa leza. Ugumu ni huu: nuru ya kijani hutetemeka kama mara trilioni 560 kwa sekunde, na mdomo wa protini huipunguza kwa trilioni 1 tu. Ile 559 hufichwa na ukali wa 560, kama kimulimuli kando ya taa ya motokaa. Ndiyo sababu huwekwa vichujio vya kuzuia nuru isiyobadilika.

Njia ya pili ni kutumia mawimbi yenyewe ya terahezi, yaliyo baina ya mawimbi ya redio na nuru ya joto isiyoonekana. Mtetemo wa protini ukilingana na wa wimbi, protini hulimeza, na mpimaji huona upungufu. Lakini maji nayo huyameza kwa pupa. Milimita 1 ya maji karibu haipitishi kitu. Je, si waikaushe protini? Hawawezi, kwani lisozaimu kavu haifanyi kazi. Gramu 1 yake yataka kama gramu 0.2 za maji kabla ya kuanza kukata.

Mwaka 2014 Andrea Markelz na wenzake, huko Buffalo, Marekani, walipata hila nzuri. Walizigeuza fuwele za lisozaimu, zikiwa na unyevu wake, pande mbalimbali mbele ya mawimbi. Maji ni yale yale kila upande, bali fuwele sivyo. Hivyo waliitenga mitetemo ya protini. Mdomo ulipozibwa kwa aina ya sukari, mitetemo ikabadilika.

Wako wasemao kwamba mitetemo hiyo huisaidia protini katika kazi yake. Wengine hujibu kwamba ndani ya maji mdomo huo hausogei kama kengele iliapo, bali kama mlango uliozama katika asali, na mtetemo hufa kabla haujatimia. Ubishi huo ungalipo.