Kiwanja cha Mjini: Tupige Hesabu Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Siku hizi ukikaa mnadani Katesh, au ukipanda basi la kutoka Mbulu kwenda Babati, hukosi kusikia habari za viwanja. Mmoja atasema, "Uza ng'ombe wawili, nunua kiwanja Babati. Baada ya miaka mitano utakuwa tajiri." Mwingine atamjibu, "Babati ya nini? Nenda Dodoma, serikali yote iko kule." Watu wanasikiliza. Wengine wanakwenda kweli kuuza ng'ombe, na wako wanaouza hata shamba.

Basi tulitazame jambo hili polepole. Ni nini kinachofanya bei ya nyumba na viwanja mjini ipande?

Nyumba haipati bei kwa ajili ya matofali yake tu. Inapata bei kwa sababu yuko mtu anayetaka kulala ndani yake, na mtu huyo ana fedha za kulipa. Ni mfanyakazi mwenye mshahara, ni mwanafunzi anayetumiwa fedha na wazazi, ni mfanyabiashara. Watu hao wasipokuwepo, nyumba ni kama mahindi ya mwaka wa mavuno mema. Yamejaa ghalani, mnunuzi hakuna.

Chukua mji wa Dodoma. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya serikali yahamie huko. Kazi ilipangwa ichukue miaka 10. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA. Miaka 10 ikapita, ikapita 20, ikapita hata 30, na wizara nyingi bado zilikuwa Dar es Salaam. Mtu aliyejenga nyumba kubwa wakati ule akimngojea mkurugenzi wa wizara aje kupanga, alingoja mpaka akaota mvi. Tangazo alilisikia, lakini wapangaji hawakufika.

Baadaye mambo yakabadilika. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza, na wanafunzi wakataka vyumba. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma, na safari hii wizara zikahama kweli. Vyumba vikagombaniwa, bei za viwanja zikaruka. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Hao ni watu wa kweli, wanakula, wanalala, wanalipa kodi ya chumba.

Je, bei itaendelea kupanda hivyo hivyo? Mimi naona itategemea mahali. Chumba kilicho karibu na kazi, chuo au soko, chenye maji na umeme, hakitakosa mtu. Lakini viwanja vingi vimepimwa pembezoni, mbali kabisa, ambako jirani yako ni kichaka. Dodoma ni nchi kavu, na maji ndiyo shida yake ya siku zote. Kiwanja kisicho na maji wala njia kinaweza kukaa miaka mingi bila kupanda bei, na wewe ng'ombe wako wameshaliwa.

Na Babati? Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Barabara ya lami kutoka Dodoma, kilomita zipatazo 250, ilifunguliwa mwaka 2018, na ile ya Singida hupita hapo Katesh. Mji unakua, lakini usiufananishe na Dodoma. Mishahara iliyoko Babati ni michache zaidi, kwa hiyo na wapangaji ni wachache. Atakayenunua huko asitazamie bei kuruka ghafla.

Sasa chukua kalamu na daftari tupige hesabu. Hii ni ya mfano tu. Umenunua kiwanja kwa shilingi 4,000,000. Umejenga vyumba vinne kwa shilingi 26,000,000. Jumla ni 30,000,000. Kila chumba unapangisha shilingi 40,000 kwa mwezi, vyumba vinne 160,000, kwa mwaka 1,920,000. Gawanya 30,000,000 kwa 1,920,000. Utapata karibu miaka 16 ndipo fedha yako irudi! Na hapo hakuna chumba kilichokaa kitupu. Chumba kimoja kikikosa mpangaji miaka yote hiyo, inakuwa karibu miaka 21. Bado hujatengeneza bati linalovuja, hujalipa kodi ya ardhi, na kodi ya jengo siku hizi inakatwa humo humo kwenye umeme wa LUKU. Sisemi usijenge. Nasema linganisha na ng'ombe yule yule angezaa mara ngapi.

Kuna jambo lingine ambalo mimi mwenyewe lilinipata. Dalali mmoja alinionyesha kiwanja kizuri, na bikoni zake zimesimama barabara. Nikampa malipo ya kwanza. Nilipopeleka namba ofisi ya ardhi, afisa akafungua ramani, akaniambia, "Mwalimu, hapa ni eneo la wazi, ni la watoto kucheza." Fedha ile sijaiona tena hadi leo. Kumbe ningeanza na ramani, ningemaliza kwa dakika kumi.

Kwa hiyo mwombe muuzaji namba ya kiwanja na ya kitalu, uende nazo ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti. Kama ardhi bado ni ya kijiji, muuzaji peke yake hatoshi. Halmashauri ya kijiji lazima ihusike, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na ukiuza nyumba mnayoishi na mama watoto bila ridhaa yake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuruhusu.

Tena tazama mlima na bonde. Sisi wa Hanang hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlimani usiku wa kuamkia siku hiyo na asubuhi yake, yakapita Gendabi na Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Nyumba zilizokuwa na bei nzuri Jumamosi, Jumapili hazikuwepo. Ukionyeshwa kiwanja cha bei rahisi, waulize wazee wa mahali hapo maji ya mvua kubwa hupita wapi. Wao hawapati senti kwa kukuuzia.