Kimeng'enya kinachobadilishana mkono na mwenzake

Chakula cha ng'ombe hushuka kwenye utumbo kikiwa na bakteria wengi waliokulia tumboni mwake, na bakteria hao wamesheheni RNA. Kongosho la ng'ombe hutoa ribonukleasi A, kimeng'enya kinachoikata RNA hiyo. Ni protini ndogo yenye asidi amino 124, lakini imechunguzwa mno. Christian Anfinsen, Stanford Moore na William Stein walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972 kwa kazi waliyoifanya juu yake.

Kwa kawaida molekuli zake huwa moja moja. Mwaka 1962 Moore, Stein na mwenzao Crestfield waliiyeyusha katika asidi asetiki, wakaigandisha na kuikausha. Walipoitia tena majini, baadhi ya molekuli zilikuwa zimeungana mbilimbili, na bado zilikata RNA. Zimeshikana vipi? Picha kamili ilipatikana mwaka 1998 katika maabara ya David Eisenberg, Los Angeles: kila molekuli imeuchomoa mkono wake, yaani mwanzo wa mnyororo wake wa asidi amino, na kuuchomeka kwa mwenzake. Baadaye ikaonekana jozi nyingine, iliyobadilishana mikia, yaani miisho ya minyororo.

Uzuri wake uko kwenye makali, yaani sehemu inayokata. Ili RNA ikatike, asidi amino ya 12, histidini iliyo mkononi, lazima ikabiliane na histidini ya 119, iliyo mkiani. Katika jozi, moja hutoka kwa huyu, nyingine kwa yule, na makali yanabaki yaleyale.

Mkono ulioazimwa hukaa mahali palepale ambapo ungekaa kwa mwenyewe, kwa hiyo jozi haipati nguvu nyingi za ziada za kuishikilia. Penye baridi hudumu, kwa sababu kuuchomoa mkono ni kazi nzito. Ikipashwa moto, huachana na kila molekuli hurudi kuwa peke yake.

Ndugu yake, ribonukleasi ya shahawa za ng'ombe dume, huzaliwa ikiwa jozi, tena imefungwa kwa madaraja mawili ya salfa. Katika maabara imeua seli za saratani. Ndani ya seli kuna protini inayozikamata ribonukleasi zilizo moja moja na kuzizima, lakini jozi huiponyoka. Mazingira ya humo huyavunja madaraja ya salfa, na hapo ndipo kubadilishana mikono kunapoleta tofauti: jozi zisizobadilishana husambaratika na kukamatwa, zilizobadilishana huendelea kushikana na kuikata RNA ya seli hadi seli ife.