Samaki Mbichi na Ng'onda: Ufundishaji wa Selo kwa Marika Yote

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hutumiwa mara kwa mara kuwahimiza wazazi wawapeleke watoto wao mapema kwa walimu wa muziki. Hata hivyo, ikichukuliwa kuwa sheria isiyovunjika, humfungia mlango mtu mzima anayetamani kujifunza ala kama selo. Makala haya yanaeleza jinsi ala hiyo inavyofundishwa baina ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na kudhihirisha kuwa umri hubadilisha njia ya kufundishia, wala haubatilishi uwezo wa kujifunza.

Selo ni ala ya nyuzi nne iliyo katika ukoo wa fidla. Kama ilivyo orutu ya Waluo, hupigwa kwa kupitisha uta juu ya uzi. Mchezaji huketi, akaiegemeza kifuani na kuizuia kwa magoti, huku ncha ndefu iliyo chini yake ikikita sakafuni. Nyuzi zake, kuanzia ule mnene, ni C, G, D na A. Tofauti na gitaa, shingo ya selo haina alama za kuonyesha mahali pa kubonyeza. Hivyo basi, sikio ndilo hakimu. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti hupotoka. Hii ndiyo sababu kuu ya kufundisha mwanafunzi mmoja mmoja: kosa la mkono lisiporekebishwa papo hapo huwa mazoea, na mazoea yana taabu.

Kwa mtoto, jambo la kwanza ni kipimo cha ala. Selo hutengenezwa kwa vipimo vidogo kama vile 1/8, 1/4, 1/2 na 3/4, kwani ala kubwa kuliko mwili humkaza mtoto mabega na vidole. Kuhusu mbinu, Shinichi Suzuki wa Japani (1898–1998) aliacha mchango mkubwa. Alitambua kwamba kila mtoto wa Kijapani huzungumza Kijapani bila kufundishwa sarufi, akahoji kwa nini muziki usifunzwe vivyo hivyo. Katika njia yake, iliyoanzia kwenye fidla kisha ikaenea hadi kwenye selo, mtoto husikiliza na kurudia kabla ya kusoma noti, naye mzazi huhudhuria somo ili awe msaidizi nyumbani.

Kijana anayebaleghe ana tatizo lake. Mwili unapokua, hubadilisha ala, na umbali baina ya sauti moja na nyingine huongezeka. Vidole vilivyokwisha kuzoea sharti vipimiwe upya. Mwalimu asiyelieleza hili huweza kumfanya mwanafunzi adhani kipawa chake kimetoweka.

Mtu mzima naye hufanana na anayejifunza lugha ya pili. Anaweza kuelezwa kanuni akazielewa mara moja, lakini mkono wake huchelewa kutii. Sikio lake, lililozoea muziki mzuri kwa miaka mingi, humsuta kwa kila mkwaruzo. Aghalabu wanaokata tamaa hushindwa na haya wala si ugumu wa vidole. Mwalimu mwenye busara humpa mazoezi mafupi ya kila siku, humtungia lengo dogo linalofikika, na hupiga pamoja naye ili asijisikie yuko peke yake. Kwa mzee mwenye maungo yanayouma, hurekebisha urefu wa kiti na kuruhusu mapumziko.

Ushahidi upo. John Holt, mwandishi wa Marekani aliyeshughulikia masuala ya elimu, alianza kujifunza selo akiwa na umri wa miaka 40 hivi, na mwaka 1978 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo, *Never Too Late*. Suzuki mwenyewe, mtetezi mkuu wa watoto, alianza fidla akikaribia utu uzima, katika umri wa miaka 17 hivi.

Kwa hiyo, methali ile haina kosa. Kosa ni kuikatiza kazi ya mpishi. Ng'onda hakunjwi kwa nguvu, lakini akilowekwa hulainika. Mwalimu wa selo anayejua kazi yake hamkatai mwanafunzi kwa sababu ya umri, bali humuuliza anahitaji kulowekwa kwa muda gani.