Pakiti Moja, Saa 16: Rekodi za Udhaifu wa Seva za Majina

Mzazi wa Kawetele, Tukuyu, akiandika necta.go.tz kutafuta matokeo ya mwanawe, simu haijui njia. Inaiuliza seva ya majina, nayo inasoma anwani kuanzia kulia: tz, kisha go, mwisho necta, ndipo inarudi na namba ya kompyuta inayohusika. Seva hiyo ikinyamaza, tovuti itakuwa hai lakini mzazi haifikii. Kati ya udhaifu wa aina tatu na shambulio moja vilivyotishia kuzinyamazisha seva hizo, rekodi ni hizi.

Kukwamisha kwa muda mrefu zaidi: KeyTrap
Pakiti moja iliweza kuishughulisha BIND, programu ya seva za majina inayotumika sana duniani, kwa hadi saa 16. Ikikwama saa 12 asubuhi, wachuma chai wa Rungwe wakielekea shambani, huenda izinduke saa 4 usiku, wao wamekwishalala.

Kujificha kwa muda mrefu zaidi: KeyTrap tena
Kosa lilikuwa ndani ya kanuni za usalama wa majina za mwaka 1999, likaingia BIND mwaka 2000. Ili kuthibitisha jibu, seva ilitakiwa kujaribu kila ufunguo kwa kila saini iliyomo, hata zikiwa mamia. Watafiti wa kituo cha ATHENE, Ujerumani, walilibaini, na likatangazwa Februari 2024. Kinga yenyewe ndiyo iliyogeuka mtego.

Kuzima kwa haraka zaidi: TKEY, Julai 2015
Ombi moja la aina ya TKEY lililopotoshwa lilitosha kuifanya BIND ijizime papo hapo. Hakuna mpangilio ulioweza kulizuia. Dawa ilikuwa kusasisha programu.

Kuzidisha pakiti kukubwa zaidi: NXNSAttack, Mei 2020
Watafiti wa Israel walionyesha kwamba mshambuliaji angeweza kuzidisha idadi ya pakiti hadi mara 1,620, kwa kuituma seva ikaulize majina yasiyokuwepo.

Pigo lililosikika mbali zaidi: Dyn, 21 Oktoba 2016
Hapa programu haikuwa na kosa. Kamera na ruta zilizotekwa na kirusi Mirai ziliimiminia maombi kampuni ya Dyn, iliyoendesha seva za majina, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa wengi.

KeyTrap, TKEY na NXNSAttack zote zilitangazwa pamoja na marekebisho yake. Wewe unayetunza seva ya chuo, benki au halmashauri, kagua toleo lako leo na ulisasishe. Mzazi wa Kawetele anakutegemea.